Jaa

Siku ya tatu ya harusi yangu, Samaili,
nilikabidhiwa dele na finjani sita.
Kwetu Wete mgeni hutiliwa hadi ukingoni,
chai iguse mdomo wa kikombe,
sahani ifurike, mtu ale asaze.
Nikajaza.
Finjani ya baba mkwe niliijaza pomoni,
kahawa ikatuna juu kama jicho linalotaka kulia,
nikampelekea bila kudondosha hata tone.

Mzee Muhanna akaitazama.
Wageni wakatazamana. Mmoja akatafuta viatu vyake.
Hakuna aliyenifokea. Laiti wangenifokea.

Jikoni, mama mkwe, Bi Ghaliya,
akanong'ona kwa Kiswahili cha utoto wake Tabora,
kimeshaota kutu:
"Huku, mwanangu, kikombe kilichojaa
maana yake kunywa, ondoka.
Anayependwa hutiliwa shinda,
apate kurudia, na kurudia,
hadi mwenyewe akitikise."

Shinda.
Neno nililolijua kwa debe tu,
linavyomwaga kelele njiani kutoka kisimani.
Kumbe hapa ni neno la mapenzi.

Tangu hapo nalipekua jaa
kama kuku anavyopekua jaa.

Fomu za uhamiaji hujazwa.
Jina la babu, kabila, mahali pa kuzaliwa:
vijisanduku vyembamba, kisiwa kizima kikagoma kuingia,
nikaandika herufi mbili za mwisho nje ya mstari.

Wadi ilipojaa, gari jeupe la jirani yetu Sulayyim
lilielea kama ganda la karanga.
Asubuhi tulilikuta kwenye mitende,
tope hadi usukani.
Mwenyewe alikuwa juu ya mkunazi, mzima,
amejaa aibu.

Mimba mbili hazikutimia.
Majirani waliniangalia mashavu wakasema,
"Mashaallah, umejaa,"
nami nilikuwa mtungi uliopasuka chini,
unaopendeza ukiwa rafuni.
Ya tatu ikatimia. Kibaba cha mfuto,
si cha tele: mtoto mdogo, kiganja cha Mungu
kimepita juu yake kikasawazisha,
bila punje kuzidi.
Tulimwita Rayyan, aliyeshiba maji.

Usiku wa zamu yetu ya falaji
Bi Ghaliya alinipeleka shambani na tochi isiyo na betri.
Zamani, akasema, maji yaligawiwa kwa nyota;
athari moja, nusu saa, hadi nyota ile izame
nyuma ya mlima, ndipo jirani afungue mfereji wake.
"Na ile isiyohama, baba yangu akiiita Jaa."
Nikacheka. Jaa la taka?
"Jaa la kaskazini, mpumbavu wee.
Watu walifika Tabora wameipa mgongo,
wakarudi wakiitazama."
Maji yakaingia kwenye majaruba,
yakijaza nyayo zetu kwanza,
kisha shina la mtende mmoja mmoja,
bila haraka, kama mtu anayejua anakokwenda.

Sasa daktari amemkataza kahawa.
Amemkataza chumvi, tende, na kuinuka peke yake.
Alasiri hii amenituma dele kwa jicho.
Nimemtilia shinda, kama siku zote,
miaka thelathini na minane ya shinda.
Hakuipokea.
"Nijazie."
Nikajifanya nashughulika na pazia.
"Nijazie, binti wa Wete.
Ulijua tangu siku ya kwanza,
ila ulimpa mtu siye."

Kiyoyozi kikakoroma, kikanyamaza.
Nikainamisha dele.
Robo. Nusu. Pale ninapokomea kila siku.
Nikapita pale.
Kahawa ikapanda, ikagusa ukingo, ikatuna,
naye akaipokea kwa mikono miwili, anatabasamu.

Safari hii ilimwagika.